Ekari tatu, ng'ombe watatu, mbuzi wanane: namna ya kuzungusha malisho na kuweka uzio usiokufilisi

Mara ya kwanza nilinunua seng'enge kabla sijajua nitaizungushia nini. Nguzo za kona zililala ndani ya masika moja, mbuzi wakawa wanapita chini ya waya kama vile haupo, na malisho yakabaki yaleyale: karibu na zizi majani yamenyolewa kama zulia, kule mbali yamerefuka hadi yamekuwa fito na hakuna mnyama anayejisumbua kuyafuata. Fedha zilikuwa zimeshakwisha. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na majani, kisha kamba, na seng'enge inakuja baadaye kabisa.

Mfano wangu ni Tanga, upande wa Korogwe na Handeni, ambako tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Aliyeko Dodoma au Shinyanga, kwenye mvua ya msimu mmoja, hatua ni zilezile ila kiangazi kitambana zaidi, na sehemu ya Kiangazi huko mbele aisome mara mbili.

Kinachotokea kwenye jani

Jani likishaliwa, shina hutoa chipukizi kwa akiba iliyobaki chini, kwenye kitako na mizizi. Wakati wa mvua chipukizi hilo huonekana siku ya nne au ya tano, laini na tamu. Ng'ombe akiwa bado yupo hapohapo, atalirudia hilo na kuliacha jani gumu lililo hatua mbili pembeni. Akirudia mara tatu, nne, akiba inakwisha, mizizi inafupika, jani zuri linakufa na nafasi yake inachukuliwa na ndulele. Kwa Arusha ni gugu karoti.

Kuzungusha malisho, basi, ni mambo mawili tu: kumtoa mnyama kabla hajarudia kuuma, na kutomrudisha kabla jani halijajijenga. Watu wengi huhesabu siku za kulisha. Wewe hesabu siku za kupumzisha.

Hatua ya 1: Jua una nini

Pima shamba kwa miguu. Ekari ni hatua sabini kwa sabini, kama tulivyozoea, yaani karibu mita za mraba 4,000. Chora kwenye karatasi mahali palipo na zizi, maji, miti ya kivuli, na pale panapotuama maji wakati wa masika. Usitoe kimoja katika hivyo, maana ndivyo vitakavyoamua mistari ya uzio.

Kisha mifugo. Maduka ya pembejeo huuza utepe unaozungushwa kifuani mwa ng'ombe na kusomwa kilo. Ukiukosa, kadiria. Mimi nina ng'ombe chotara wawili wa kilo 300 kila mmoja, mtamba wa kilo 200, na mbuzi wanane wa kilo 25. Jumla kilo 1,000. Mnyama hula kwa siku chakula kikavu kisichozidi sana asilimia 3 ya uzito wake, kwa hiyo kundi langu linahitaji kama kilo 30. Lakini hizo ni kilo za majani yaliyokauka kabisa. Jani bichi lina maji mengi, robo tu ndiyo chakula, kwa hiyo zidisha kwa nne: kilo 120 za majani mabichi kila siku.

Hatua ya 2: Kata majani, uyapime

Hii watu huiruka, nami niliiruka. Tengeneza fremu ya mirunzi, mita moja kwa mita moja. Rusha fimbo kwa nyuma bila kutazama, na popote itakapoangukia weka fremu. Fanya hivyo angalau mara nane, pamoja na sehemu zenye majani hafifu. Ukichagua mwenyewe utajikuta unachagua penye majani mazuri tu. Kata yote yaliyo ndani ya fremu, ukiacha kimo cha vidole vinne kutoka ardhini. Pima kila fungu kwa mizani ya kuning'iniza, jumlisha, gawanya.

Katikati ya masika mimi nilipata wastani wa gramu 600 kwa mita ya mraba. Hiyo ni kilo 2,400 kwa ekari. Usifurahi bado: unaruhusiwa nusu tu. Nusu nyingine ndiyo inayokamata jua na kurudisha jani, na sehemu yake itakanyagwa na kunyewa. Kwa hiyo kilo 1,200 kwa ekari. Gawanya kwa 120, unapata siku kumi. Ekari tatu, siku thelathini.

Na hapa ndipo penye ukweli ambao hautakupendeza. Ekari tatu zangu zinatosha kundi hili wakati wa mvua tu, kwa shida. Kama hesabu yako imetoka siku kumi na tano, hakuna uzio utakaokuokoa. Punguza mifugo, au panga kukata majani ya Guatemala na matete pembeni, au vyote viwili.

Hatua ya 3: Vipande vingapi?

Chukua siku za mapumziko, gawanya kwa siku za kulisha kila kipande, ongeza kimoja (kile ambacho wanyama wamo). Wakati wa mvua majani yetu ya kawaida huhitaji siku 25 hadi 35 kupona. Nikilisha siku tatu kila kipande na kupumzisha siku 27, ni tisa kuongeza kimoja: vipande kumi, kila kimoja karibu mita za mraba 1,200. Usilishe zaidi ya siku tatu au nne wakati wa mvua, kwa sababu ya lile chipukizi.

Lakini kalenda isikutawale. Kinachoamua ni kimo. Ingiza wanyama jani likiwa limefika katikati ya goti na kifundo cha mguu, sentimita 25 hivi, na uwatoe likibaki kama upana wa kiganja. Kama kipande kinachofuata bado kifupi, usiingie: warudishe zizini, walishe vya kukata. Kijana anayenisaidia kuchunga aliwahi kuniuliza, "Mama, majani bado yapo, tunahama ya nini?" Nikamwambia ndiyo maana tunahama.

Hatua ya 4: Anza na kamba

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, zungusha kwa kamba na kigingi kwa msimu mmoja. Utajua wapi majani hurudi haraka, wapi hapafai, na mistari ya uzio itajichora yenyewe.

Kamba ya mita 5 humpa mnyama duara la mita za mraba 78. Kwa majani yangu, ng'ombe wa kilo 300 anahitaji kama mita za mraba 120 kwa siku, kwa hiyo nahamisha kigingi mara mbili, asubuhi umande ukikauka na tena alasiri. Mbuzi kamba ya mita 3 inamtosha na kubaki. Kigingi kiwe cha chuma, kichwa chake kiwe na pete inayozunguka, la sivyo kamba itajisokota hadi mnyama abaki na futi mbili na ulimi nje. Mvalishe mkanda mpana shingoni; kitanzi kinachokaza kimeua mbuzi wengi. Usifunge wawili karibu kiasi cha kamba zao kukutana, usifunge karibu na kisiki, na usiende sokoni ukawaacha juani bila maji.

Ubaya wa kamba ni kazi, na mbwa. Mbuzi aliyefungwa hawezi kukimbia.

Hatua ya 5: Uzio

Fanya hesabu kwanza. Ekari tatu zikiwa mraba, kila upande ni mita 110, mzunguko mita 440. Seng'enge mistari minne ni mita 1,760, na nguzo kila mita tatu ni karibu 147. Hiyo ni nje tu. Ukitaka vipande kumi vya kudumu, vitano kila upande wa njia ya katikati, unaongeza mita 640 na ushee za uzio wa ndani, yaani zaidi ya mita 2,500 za waya na nguzo mia mbili na kitu. Ndani unatumia zaidi kuliko nje! Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: nje weka uzio wa kudumu, ndani weka wa kuhamisha.

*Nje, kwa seng'enge.* Unaponunua uliza mita, usiulize kilo, maana rola mbili za uzito mmoja zinaweza kutofautiana urefu kwa unene wa waya. Nguvu yote ya uzio iko kwenye kona. Nguzo ya kona iwe nene, iingie ardhini kama mita moja. Mita mbili kutoka hapo simika nguzo ya pili, weka mti wa kulala kati ya vichwa vyao, kisha funga waya mara mbili kutoka kichwani mwa nguzo ya pili kwenda mguuni mwa nguzo ya kona, uusokote kwa kipande cha mti hadi ulie. Zangu zilizolala hazikuwa na hicho. Nguzo za kati ziingie sentimita 60 ardhini, na udongo ushindiliwe kidogokidogo kwa mtaimbo, usiujaze wote kwa mkupuo. Mchwa wakiwa wengi nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Kuchoma kitako na kupaka oili chafu husaidia kwa muda tu.

Kwa ng'ombe mistari ya sentimita 30, 60, 90 na 120 inatosha. Mbuzi wanataka sita, ile ya chini ikaribiane, 15, 30, 45, na fito za kusimama kati ya nguzo ili wasiachanishe waya kwa kichwa. Waya uwe upande wa wanyama, na msumari wa umbo la U usiupigilie ukabana kabisa: waya uweze kuteleza utakapouvuta tena mwakani.

*Nje, kwa miti.* Ndio uzio wa asiye na fedha lakini ana subira. Gilirisidia hapa kwetu hushika vizuri: vipande vya mita mbili, unene wa kifundo cha mkono, vikatwe mwanzoni mwa masika na kuchimbiwa sentimita 40, nafasi ya nusu mita. Usigongelee waya mwaka wa kwanza. Baadaye ukipogoa, majani ni chakula kizuri; wanyama wengi huyakataa mwanzoni kwa harufu, kwa hiyo yaache yanyauke siku moja. Mnyaa nao ni uzio wa zamani na hauliwi, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Watoto wasikate mnyaa. Nyanda za juu za Kenya wana kayaba yenye miiba mirefu, inayozuia hata kuku ikikatwa vizuri. Miti yote hii itakuchukua miaka miwili au mitatu, na kwa muda huo jaza mapengo kwa matawi ya miiba.

*Ndani, kwa waya wa umeme.* Sizungumzii umeme wa nyumbani. Narudia: usiunganishe uzio na soketi ya nyumba, utaua mtu. Kuna mashine maalumu ya uzio, inayotumia betri ya volti 12 na sola ndogo, ambayo hupiga mshtuko mfupi mno karibu mara moja kwa sekunde. Unaumiza lakini hauui. Waya wake ni kama kamba ya plastiki yenye nyuzi za chuma, unakunjwa kwenye gurudumu la mkono, na nguzo zake unazikanyaga kwa mguu zikaingia. Mstari mmoja wa kimo cha pua ya ng'ombe, sentimita 80 hivi, unatosha ng'ombe. Mbuzi wanataka mitatu. Kuhamisha kipande kizima ni kazi ya nusu saa.

Mashine ikionekana dhaifu, mara nyingi kosa liko kwenye udongo. Mshtuko lazima urudi kupitia ardhini, na ardhi ya Januari ni kavu kama tofali. Simika vyuma vitatu vya mita mbili, mita tatu kutoka kimoja hadi kingine, viunganishe pamoja, na kiangazi vimwagie maji. Majani yanayogusa waya pia huula umeme. Fyeka chini yake. Na kamwe usipitishe umeme kwenye seng'enge: aliyenasa kwenye miiba hawezi kujitoa, ataendelea kupigwa.

Wanyama wafundishwe kwanza. Waweke siku mbili kwenye uwanja mdogo wenye uzio imara, upitishe waya wa umeme mbele yake, weka pumba upande wa pili. Mtamba wangu aliusogelea kwa pua yenye unyevu, ukampiga, akaruka nyuma, akasimama mbali akiutazama kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo hausogelei, hata mashine ikiwa imezimwa. Mbuzi ni habari nyingine. Mbuzi hujaribu kila asubuhi, na siku betri imeisha wao ndio watakaokujulisha.

Maji na njia

Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, anayekamuliwa zaidi. Kama maji yako zizini na kipande kiko mbali, wataharibu majani kwa kwenda na kurudi. Acha njia ya upana wa mita nne katikati, vipande vyote vifungukie hapo, na weka pipa lililokatwa mahali njia inapopita. Lango la kila kipande liwe kwenye kona iliyo karibu na nyumbani, kwa sababu wanyama husukumana kuelekea huko. Lango likiwa katikati ya uzio, nusu ya kundi litakwama konani likikutazama. Jiwe la chumvi liweke mbali na maji, kule ambako wanyama hawapendi kwenda.

Kiangazi

Mwishoni mwa Mei majani hupunguza kasi, na mapumziko ya siku 27 hayatoshi tena. Yatataka siku 60, 90, na mwaka mbaya yatasubiri mvua. Ukiendelea na mzunguko wa masika utamaliza shamba kufikia Agosti.

Wasukuma walilijua hili zamani. Hufunga eneo wakati wa mvua, majani yakue na kukauka yakiwa yamesimama, kisha hufungua kiangazi kikikaza. Ndiyo ngitili. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliirudisha desturi hiyo, na maeneo yaliyokuwa jangwa yakaota miti tena. Wamasai nao hutenga olopololi karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Kwenye ekari tatu, ngitili yangu ni vipande vitatu ninavyovifunga Aprili na kutovigusa hadi Agosti.

Majani yanayosimama hupoteza ubora, kwa hiyo kipande kingine nakikata yanapoanza kutoa maua, nayaanika siku mbili tatu, na kuyashindilia kwenye kasha la mbao la sentimita 85 kwa 55, kina 45, nikiwa nimetanguliza kamba chini. Robota moja hutoka karibu kilo 20. Kwa kundi langu hilo halifikishi hata siku nzima kama hakuna kingine, ndipo utakapojua thamani ya mabua ya mahindi ambayo jirani anayachoma.

Kipande kilichokufa kabisa kipandwe mbegu upya mwanzoni mwa mvua. Vituo vya TALIRI (Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania) vya Tanga na Mpwapwa hushughulikia mbegu za malisho. Nyasi za Rhodes hukubali sehemu nyingi. Mbegu ni ndogo, ifunikwe kwa udongo kidogo mno, ukiburuta tawi juu yake inatosha. Kabla ya kulisha mara ya kwanza, shika shada kwa mkono ulivute kama ng'ombe anavyovuta. Likitoka na mizizi, bado.

Kupe na minyoo

Utasikia kwamba mzunguko unamaliza kupe. Hapana. Kupe wa masikioni anayeleta ndigana kali anaweza kukaa miezi mingi bila kula, na mapumziko yako ya siku 27 ni usingizi mfupi kwake. Endelea kuogesha kwa ratiba.

Kwa minyoo ya mbuzi unasaidia, ukifanya kwa akili. Wakati wa joto na unyevu, mayai kwenye kinyesi hugeuka viluwiluwi vya kuambukiza ndani ya siku nne hadi saba. Kwa hiyo mbuzi watoke kabla ya siku ya nne, wasile chini ya kimo cha vidole vinne, na wasipelekwe malishoni asubuhi umande ukiwa bado juu ya majani. Kupitisha ng'ombe mahali mbuzi walipolisha kunasaidia pia, maana minyoo mingi ya mbuzi haistawi kwa ng'ombe. Kila wiki mbili funua kope la chini la kila mbuzi: likiwa jekundu, sawa, likiwa jeupe kama karatasi, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Daftari

Nina daftari la shule, limefungwa kwa kamba mlangoni mwa zizi. Ukurasa wa Aprili unasomeka hivi:

Kipande 4. Waliingia tarehe 6, kimo goti kasoro. Walitoka tarehe 9, kiganja. Kipande 5. Tarehe 9 hadi 11, kona ya chini maji yametuama, nimewatoa mapema. Kipande 6. Tarehe 11, jani fupi, sikuingiza. Zizini siku mbili, Guatemala mizigo sita. Kipande 6. Tarehe 13, sawa.

Mstari wa tarehe 11 ndio uliochukua miaka miwili kuandikika.